Sindano Kichwani, Chupa Isiyo na Jina: Uchambuzi wa Kisa Kimoja kutoka Busia

Mwanzoni mwa mwezi wa Desemba, mama mmoja mwenye umri wa miaka 36, mfanyabiashara wa vitenge katika mji wa mpakani wa Busia, upande wa Uganda, alifika katika kliniki ninakofanya kazi kama afisa tabibu, akiwa amejifunga kitambaa kwa namna ambayo wanawake wa huku hawajifungi: mbele kimeshuka hadi kwenye nyusi, nyuma kimekazwa hadi chini ya kisogo. Alisubiri wagonjwa wengine wote waondoke. Alipoingia hakukaa. Alirudisha mlango mwenyewe, akafungua fundo, akasema, "Musawo," yaani daktari, "nisaidie, kichwa changu kinanuka."

Naandika kisa hiki kwa ridhaa yake, na nimebadilisha mambo machache yasiyogusa tiba ili asitambulike. Nimekichagua kwa sababu karibu kila madhara yaliyompata yalichipuka kutoka kosa moja la mwanzo: sindano iliamuliwa kabla ya mtu yeyote kuuliza kwa nini nywele zinanyonyoka.

Kilichompeleka Kampala

Nywele zake zilikuwa zimeanza kupungua miaka sita kabla. Zilianzia pembeni, juu ya masikio na kwenye mstari wa mbele, sehemu ambazo msusi huvuta kwa nguvu zaidi ili msuko udumu. Kisha utosini, ambako alianza kuhisi muwasho na hali ya kuunguaungua, hasa siku za jua kali au baada ya kutia dawa ya kulainisha nywele. Alipaka maji ya kitunguu, akapaka mafuta ya nyonyo, na kwa miezi michache akapaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ambayo binamu yake alimletea kutoka Nairobi, lakini akaiacha alipoona vinyweleo vinaanza kuota mashavuni. Muda wote huo aliendelea kusuka rasta, kwa kuwa ndizo zilizoficha palipopungua. Zilificha na zilizidi kung'oa.

Mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba, na dada mkubwa hakwepi picha. Mteja wake mmoja alimwelekeza kwenye saluni iliyo ghorofa ya tatu ya jumba la biashara katikati ya Kampala, karibu kilomita 200 kutoka Busia, ambako "sindano ya nywele" ilikuwa ikichomwa kila Jumamosi. Bei ilikuwa shilingi 300,000 kwa awamu moja, au 750,000 kwa awamu tatu ukilipa kwa mkupuo. Alilipa kwa mkupuo. Simlaumu, mtu aliyeishi kwa kununua kwa jumla hawezi kuiona bei ya jumla akaipita.

Aliyempokea alikuwa amevaa koti jeupe na wote pale walimwita daktari. Hakuulizwa kama ana kisukari, kama ana mimba, kama ananyonyesha, wala kama anatumia dawa yoyote. Kichwa chake kilitazamwa kwa muda usiozidi dakika moja, akaambiwa kwamba mizizi imelala na sasa itaamshwa.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya damu. Siku hiyo walikuwepo wanawake wanne kwenye chumba kimoja, nao walitolewa damu mkononi mmoja baada ya mwingine. Mashine ya kuzungushia damu, ambayo kwa maelezo yake haikuzidi ukubwa wa sufuria ya kupikia wali kwa umeme, ilikuwa juu ya meza ileile yenye vikaushia nywele. Nilimwomba anieleze kila alichokiona, polepole, na katika maelezo hayo ndipo aliposema jambo lililonifanya niache kuandika: "Vile vichupa vya damu walivisimamisha kwenye glasi, kama vijiko." Havikuandikwa majina. Mashine iliponyamaza, msaidizi alivirudisha kwenye glasi, akanyanyua kimoja na kuuliza, "Hiki ni cha nani?" Mama mmoja akanyoosha mkono.

Awamu ya pili na ya tatu, zilizotenganishwa na wiki mbili, hazikuwa na damu. Alichomwa mchanganyiko ulioitwa vitamini, uliovutwa kutoka chupa ndogo ya rangi ya hudhurungi ambayo karatasi yake ilikuwa imebanduliwa, pengine kwa makusudi, maana gundi ilikuwa bado inaonekana kwenye kioo. Alihesabu zaidi ya michomo arobaini, kisha akaacha kuhesabu. Ili kupunguza maumivu, msaidizi alimsugua kichwa kwa vipande vya barafu kabla ya kuchomwa, na akaendelea kusugua baada ya kuchomwa, barafu tupu juu ya ngozi iliyokwisha kutobolewa.

Wiki tatu baada ya awamu ya mwisho, vinundu vigumu vilianza kujitokeza. Alirudi. Aliambiwa hiyo ni sumu inatoka, dalili kwamba dawa inafanya kazi, na akachomwa sindano nyingine katika vinundu vyenyewe, safari hii dawa nyeupe kama maziwa. Vinundu vilinywea kwa siku nane hivi, naye akafurahi. Kisha vikarudi vikubwa kuliko mwanzo, vikapasuka.

Nilichokiona, na siku kumi nilizopoteza

Utosini na kwenye mstari wa mbele kulikuwa na vinundu tisa vya rangi ya zambarau iliyofifia, vikubwa vikiwa na ukubwa wa punje ya harage, vitatu kati yake vikitoa majimaji ya njano yasiyo mazito. Havikuwa vimetawanyika ovyo. Vilijipanga katika safu tatu karibu zilizonyooka, zikifuata njia ambayo mkono wa mchomaji ulipita, na huo ni ushahidi ambao hauhitaji maabara. Tezi za nyuma ya shingo zilikuwa zimevimba bila kuuma sana. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Sehemu mbili zilizochomwa dawa nyeupe zilikuwa zimebonyea, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara.

Nilimwandikia kloksasilini, dawa ya kuua bakteria, nikamsafisha vidonda, nikamwambia arudi baada ya siku kumi. Lilikuwa kosa langu, na naliweka hapa kwa sababu wenzangu wengi wangelifanya vilevile. Majipu ya kawaida ya ngozi, yale yanayosababishwa na bakteria wa stafilokoka, huja haraka, ndani ya siku chache tangu ngozi ijeruhiwe; huwa mekundu, ya moto, na huuma kiasi kwamba mgonjwa hapendi uyaguse. Haya yalikuja wiki tatu baada ya mchomo, yakawa ya baridi, nami nikayabonyeza bila yeye kukunja uso. Mpangilio huo wa wakati ulitosha kunifanya nifikirie kitu kingine. Sikufikiria. Aliporudi vinundu vilikuwa kumi na moja.

Safari hii sikuchukua uchafu wa juu kwa pamba, kwani pamba huokota bakteria wanaoishi kwenye ngozi na kuacha waliojificha chini. Nilivuta majimaji kwa sindano kutoka kinundu ambacho kilikuwa hakijapasuka, nikaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa amechomwa sindano za urembo, na nikaomba sampuli ipakwe rangi ile inayotumika kutafuta vijidudu vya kifua kikuu. Jibu lilikuja: vijidudu vipo. Kipimo cha GeneXpert, ambacho hutafuta chembe za urithi za kifua kikuu chenyewe, kikajibu: kifua kikuu hakipo.

Hapo ndipo mahali ambapo mgonjwa wa namna hii anaweza kupotea. Mhudumu anayeishia kwenye jibu la kwanza atamwanzishia dawa za kifua kikuu za miezi sita, ambazo kwa sehemu kubwa hazina nguvu dhidi ya kilichomo, na baada ya miezi sita kichwa kitakuwa kimeharibika zaidi na ini limechoshwa bure. Majibu hayo mawili yanapopingana, yanaelekeza kwa ndugu wa kifua kikuu: mikobakteria wa mazingira, na hasa kundi la wanaokua haraka. Katika chakula cha maabara, vijidudu vya kifua kikuu huchukua wiki kadhaa kuonekana. Hivi huota ndani ya siku saba. Vya kwake viliota siku ya tano, na maabara ya rejea ikavitambua kuwa ni Mycobacterium abscessus.

Maji ya bomba na ngozi iliyotobolewa

Wadudu hao hawatoki mbali. Wanaishi katika udongo na katika maji, yakiwemo maji ya bomba yaliyotiwa klorini, ambamo hujishikiza kwenye kuta za mabomba na matangi kwa utando unaowakinga. Dawa nyingi za kuulia vijidudu zinazotumiwa kwa haraka haziwamalizi. Juu ya ngozi nzima hawana madhara. Unaweza kuoga nao maisha yako yote. Madhara huanza wanapoingizwa chini ya ngozi, mahali penye mafuta na giza, nao hukaa kimya kwa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha.

Ndiyo maana sura yao inajulikana vizuri katika historia ya tiba hii. Mbinu ya kuchoma vidozi vidogo vidogo vya dawa ndani ya ngozi, inayoitwa mesotherapi, ilianzishwa na daktari Mfaransa Michel Pistor mwaka 1952 kwa ajili ya maumivu, na ikasambaa baadaye katika urembo: mafuta ya tumbo, makunyanzi, nywele. Milipuko ya maambukizi ya mikobakteria wanaokua haraka baada ya mesotherapi imeripotiwa Ufaransa kwenyewe, na pia katika nchi za Amerika ya Kusini kama Kolombia na Venezuela. Na wachunguzi walipofuatilia, mara nyingi walikuta maji: maji ya kuchanganyia dawa, maji ya kuoshea vifaa, chupa moja iliyodungwa mara nyingi kwa wateja wengi. Katika kisa hiki mashaka yangu yako kwenye barafu. Ilitengenezwa kwa maji ya bomba, ikashikwa kwa mikono mitupu, ikasuguliwa juu ya matundu zaidi ya arobaini yaliyokuwa bado wazi. Ile chupa ya hudhurungi nayo haiwezi kusafishwa jina, maana haina.

Kisha ikaja dawa nyeupe. Dawa ya sindano yenye rangi ya maziwa inayochomwa kwenye vinundu vya ngozi kwa kawaida ni triamsinoloni, ya jamii ya steroidi, na ile hali ya kunywea kwa siku nane pamoja na ngozi iliyobonyea zinalingana nayo. Steroidi hupunguza uvimbe kwa kunyamazisha kinga ya mwili. Kuichoma ndani ya jipu ambalo halijajulikana ni la nini ni sawa na kumfunga mlinzi mikono kwa sababu anapiga kelele usiku. Furaha yake ya siku nane ndiyo iliyowapa wadudu nafasi ya kuenea.

Kichwa kina hatari yake ya pekee ambayo mapaja au tumbo hayana. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi, na chini yake kuna tabaka legevu ambamo usaha husafiri kwa urahisi. Kuna pia mishipa midogo ya vena inayopenya fuvu na kuungana na mikondo ya damu inayouzunguka ubongo. Nilimpima kila alipokuja kama shingo imekakamaa, kama anatapika, kama usingizi wake umebadilika. Hakuwa na dalili hizo.

Nilimuuliza pia kuhusu macho, naye akashangaa. Mishipa ya damu inayopanda kwenye paji la uso hadi kwenye mstari wa mbele wa nywele imetokana na mshipa uleule unaolisha jicho. Dawa yenye chembechembe, kama triamsinoloni, ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa huo inaweza kurudi nyuma hadi kwenye mshipa unaolisha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kuuziba, na jicho lililokosa damu hupofuka ndani ya saa chache. Upofu wa namna hiyo umeripotiwa baada ya sindano za steroidi, za vijazia ngozi, na hata za plazma, yaani maji ya damu, kwenye paji la uso. Hutokea kwa nadra sana. Ila yeye alichomwa dawa nyeupe mahali pale hasa, na mtu ambaye hakuwa na chochote cha kufanya iwapo lingetokea.

Damu ya nani?

Wadudu wa vinundu wanaonekana na kunuka. Kilichonikosesha usingizi ni glasi ya vichupa.

Tiba ya plazma yenye chembe sahani nyingi, zile chembe zinazogandisha damu, haina siri: damu ya mtu hutolewa, huzungushwa kwa kasi hadi itengane, sehemu yenye chembe sahani ikavutwa na kurudishwa kwa mtu yuleyule kwenye ngozi ya kichwa. Ikifanywa na mtaalamu, kwa mgonjwa anayefaa, imeonyesha faida ya wastani katika upara wa kurithi, ingawa kila kliniki huitayarisha kwa namna yake na hivyo matokeo hutofautiana sana. Usalama wake wote umesimama juu ya maneno mawili: mtu yuleyule. Ukiyaondoa, hiyo ni kumwongezea mtu damu ya mwenzake bila kuipima, jambo ambalo hakuna benki ya damu Uganda ingethubutu.

Nchini kwetu takribani mtu mmoja kati ya kila watu 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 anaishi na virusi vya Ukimwi. Homa ya ini aina ya B nayo imeenea, zaidi katika sehemu za kaskazini, na chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo wanawake wote wanne waliokaa kwenye chumba kile, kama walikuwa wa rika lake, hawakuipata utotoni. Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai juu ya meza kwa siku saba au zaidi. Mchomo mmoja wa sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo unaweza kumwambukiza asiyechanjwa kwa kiwango kinachofika asilimia 30, ikilinganishwa na karibu asilimia 0.3 kwa virusi vya Ukimwi. Na hapa tunazungumzia zaidi ya mchomo mmoja.

Kama kuna anayedhani haya ni woga wa mhudumu wa mpakani, jambo hilohilo limekwisha kutokea katika nchi yenye uwezo mkubwa. Mwaka 2018, katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, sehemu ya urembo isiyo na leseni ilikuwa ikiwachoma wateja plazma usoni. Wakaguzi walikuta vichupa vya damu visivyoandikwa majina kwenye meza ya jikoni, na vingine ndani ya jokofu pamoja na chakula. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wateja watatu huenda waliambukizwa virusi vya Ukimwi kwa huduma hiyo. Vilikuwa visa vya kwanza kuripotiwa kutokana na sindano za urembo. Nilipokisoma kile kisa nilikumbuka ile glasi yenye "vijiko".

Kwa mgonjwa wangu, nafasi ya dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, ilikuwa imepita zamani. Kipimo cha virusi vya Ukimwi, cha homa ya ini B na cha homa ya ini C vyote vilitoka salama. Kwa kuwa tangu sindano ile nyeupe zilikuwa zimepita wiki tatu tu, na hakuna aliyejua sindano hiyo ilitumika kwa nani kabla yake, nilimpangia kurudia mwezi wa Februari, nikamwanzishia chanjo ya homa ya ini B, na nikamwomba azungumze na mumewe kuhusu kinga hadi hapo. Alisema mazungumzo hayo yalikuwa magumu kuliko vidonda.

Nilimpima pia mimba. Baadhi ya wauzaji wa "vitamini za nywele" huchanganya dutasteridi au finasteridi, dawa zinazozuia homoni ya kiume kugeuka kuwa aina inayodhoofisha mizizi ya nywele. Kwa mwanamume mwenye upara wa kurithi zina kazi. Kwa mwanamke mwenye mimba ya mtoto wa kiume, zinaweza kuvuruga uumbikaji wa viungo vya uzazi vya mtoto huyo. Dutasteridi hukaa mwilini muda mrefu ajabu, nusu yake ikihitaji takribani wiki tano kutoka, ndiyo sababu mwanamume anayeitumia huzuiwa kuchangia damu hadi miezi sita ipite tangu dozi ya mwisho. Hakuwa na mimba. Nilimshauri asiipate kwa muda huo huo wa miezi sita, kwa ajili ya chupa ambayo gundi yake tu ndiyo iliyobaki.

Swali ambalo halikuulizwa

Tuache vijidudu na virusi. Tuseme kila kitu kingefanywa kwa usafi wa chumba cha upasuaji: je, nywele zingerudi?

Pembeni mwa uso wake kulikuwa na alama ambayo kila anayetibu ngozi za Waafrika anapaswa kuifahamu: ukingo mwembamba wa nywele fupi fupi uliobaki mbele kabisa, nyuma yake ngozi tupu. Nywele zile fupi zimebaki kwa sababu msusi hakuweza kuzishika. Huo ni unyonyokaji wa kuvutwa. Mwanzoni hupona wenyewe ukiacha kuvuta. Ukiendelea miaka, mizizi hufa na mahali pake hujaa kovu.

Utosini ilikuwa habari nyingine. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, na nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia, vile vitundu vidogo ambavyo nywele hutokea havikuonekana katika eneo la upana wa kiganja cha mtoto. Muwasho, kuungua, kuanzia katikati na kupanuka kwenda nje: hiyo ni sura ya upara wa kovu unaoanzia utosini, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Ndani yake kuna uvimbe wa polepole unaokula mizizi na kuacha kovu. Mzizi uliokufa hauamshwi. Hata plazma safi, ya mtu mwenyewe, iliyotayarishwa na bingwa, haina cha kuamsha pale. Na michomo arobaini katika ngozi ambayo tayari imewaka ni kuongeza kuni. Kilichohitajika ni kukata kinyama kidogo, kukipeleka maabara, na kuzima huo uvimbe mapema ili kuokoa nywele zilizo pembezoni mwa kovu.

Na hapa niseme wazi kwamba sindano kichwani si haramu. Katika upara wa mabaka, ule unaokuja ghafla kwa viduara, triamsinoloni kidogo sana iliyochomwa na mikono inayojua kina na kipimo ni tiba halali inayotolewa katika kliniki za ngozi. Dawa ileile iliyombonyeza ngozi mgonjwa wangu humrudishia mwingine nywele zake. Tofauti iko katika kujua unachotibu, nayo hupatikana kwa dakika kumi za kuuliza na kutazama, ambazo kwa shilingi 750,000 hakuzipata.

Upande wa sheria ni mfupi. Leseni ya biashara ambayo saluni hupewa na halmashauri ya mji hairuhusu kutoa damu wala kuchoma dawa. Madaktari husajiliwa na baraza lao, maafisa tabibu na watu wa maabara na baraza letu, na dawa yoyote inayoingizwa nchini hupitia Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ambayo pia hupokea taarifa za madhara ya dawa. Nilijaza fomu hiyo. Mahali pa jina la dawa niliandika "haijulikani", na mahali pa namba ya toleo nikaandika hivyohivyo.

Baada ya hapo

Nilimpa rufaa kwenda kliniki ya ngozi Kampala. Alikosa arusi ya mdogo wake. Siku ile alikuwa amelazwa, vinundu vikipasuliwa na kusafishwa. Alianzishiwa mchanganyiko wa dawa tatu kufuatana na kipimo cha usugu, mojawapo ikiwa sindano za amikasini, dawa inayoweza kudhuru figo na masikio, kwa hiyo kila wiki alipimwa damu na kuulizwa kama anasikia mlio. Wiki ya tano alianza kuusikia, kwenye sikio la kushoto, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Amikasini ikasimamishwa, vidonge vikaendelea hadi mwezi wa tano. Vidonda vimefunga. Utosini kuna kovu pana kuliko lile la mwanzo. Pembeni, ambako aliacha kusuka tangu Desemba, vinywele vipya vimeanza kuonekana juu ya sikio la kulia.

Tangu siku ya kwanza nilimwomba awatafute wale wanawake watatu. Hakuwajua majina, isipokuwa mmoja kutoka Jinja ambaye walibadilishana namba za simu walipokuwa wakisubiri mashine izunguke. Alimpigia mara nyingi bila kujibiwa. Mwezi wa Februari, siku aliyokuja kurudia vipimo vyake, ambavyo vilitoka salama tena, hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine, mrefu, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Niliwakaribisha, nikarudisha mlango, nikachukua fomu mpya. Kabla hajafungua fundo nilimuuliza kama anakumbuka kichupa chake kilikuwa kipi kati ya vile vinne.

"Mimi ndiye niliyenyoosha mkono," alisema. "Sikuwa na hakika. Ila wengine walikuwa kimya."